Waliotawadha na Yulan

Kila Jumatano kabla ya darsa, Sha Yulan alitawadha wa mwisho, peke yake. Leo maji yalikatika hadi darsa likakaribia, ikabidi ajipange na wenzake wanane kwenye mabomba. Alipopandisha mikono ya sweta, wote waliona: alama za vidole, nyekundu juu ya zile za wiki iliyopita zilizogeuka manjano. Kila mmoja akainamia maji yake. Katika msikiti ule wa wanawake wa Kaifeng, nchini China, walilelewa kutotangaza mwili wa mwenzao ulioonekana wakati wa udhu.

Mama Hai, imamu wao, aliona pia. Mwaka jana Yulan alimlilia, naye akamwambia avumilie. Leo aliona aibu.

"Mumeo Tie Jun tena?"

"Supu ilipoa."

"Vaa viatu. Twende polisi."

Yulan alitaka karatasi moja tu, ya onyo kwa mume, yenye muhuri. Akiwa nayo, mahakama ingeweza kumzuia Tie Jun asikanyage nyumbani. Alishaiomba mara mbili, akarudi mikono mitupu.

Afande Zhou hakuacha hata kutafuna mbegu za alizeti. "Mama, haya ni mambo yenu nyie Waislamu wa Kihui. Mna msikiti wenu, mna imamu wenu."

"Imamu wa wanaume kamwambia Yulan asituaibishe mbele yenu," Mama Hai akasema.

"Si ameshajibiwa basi?"

Uungwana ulioje! Serikali inaheshimu mila, msikiti unalinda jina, na anayelipia heshima hizo zote ni Yulan kwa mbavu zake.

"Halafu," Zhou akasema, "nani aliona?"

Mama Hai alimwashiria Yulan watoke. Alirudi naye msikitini, akasimama mbele ya wanafunzi wake.

"Mungu anisamehe. Nilinyamaza mwaka mzima nikidhani namsitiri Yulan. Kumbe namsitiri Tie Jun. Nani ameona mikono yake?"

Vichwa viliinama. Kisha Bibi Bai, mwenye miaka themanini na mdomo usio na breki, akagonga mkongojo sakafuni. "Acheni unafiki! Mimi mwenye mtoto wa jicho nimeona, nyie mna nini?"

Waliingia kituoni wote. Benchi lilitosha watu watatu. Waliobaki wakakaa chini.

"Mmekuja kuandamana?" Zhou akauliza.

"Tumekuja kusema tulichoona," Bibi Bai akajibu. "Tema hizo mbegu uandike."

Zhou aliandika upesi, akasukuma karatasi. Mama Hai, aliyejua kusoma Kiarabu tu, alimpa Yulan. "Nisomee, mwanangu."

"Ugomvi mdogo wa mume na mke. Wamepatanishwa."

"Nani kapatanishwa?" Bibi Bai akafoka.

"Jamani, ni saa ya chakula," Zhou akasema. "Njooni kesho."

Hakuna aliyeinuka. Yulan, ambaye mara mbili aliondoka pale akiomba radhi kwa usumbufu, aliichana karatasi katikati na kuiweka mezani. Mikono ya sweta hakuishusha.

"Chukua nyingine, afande," alisema. "Jina langu Sha Yulan. Nilipigwa."