Mkono wa Kushoto wa Eunike

Eunike alikuwa anakamua mbuzi mbele ya boma lake, huko Olbalbal, pale Sifa, mke wa mwanawe, alipogundua kwamba shingo ya mkwewe ni kavu kabisa. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma na watu wengine wote walikuwa wamelowa jasho.

"Yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai, "hutoki jasho."

"Nimefunga," alisema Eunike, akaendelea kukamua.

Kiangazi hicho kambi ya watalii iliyojengwa mlimani ilikuwa imezungushia chemchemi uzio, na bomba lililoshusha maji hadi kwenye birika la ng'ombe likakatwa. Meneja, Inosenti, kijana wa Karatu mwenye adabu zake, aliwashauri watu wahame. Wengi walihama. Eunike alipanda hadi kwenye uzio, akaketi chini ya mtarakwa mmoja uliobaki nje ya waya, wenye majani madogo kama magamba. Kila mchana alikuwa pale. Aliona kwamba jua likikaza, mti hufunga vitundu vya majani yake ili maji yasitoroke, na alfajiri penye umande huvifungua. Naye akafanya vivyo hivyo. Mchana hakutoka jasho wala machozi, na pumzi yake ilikuwa haba.

Lakini mti uliofunga hauvuti hewa, na bila hewa haujitengenezei chakula. Eunike akakonda. Sifa alipomletea uji, ulikataa kushuka.

"Fungua kidogo tu, Yeyo. Utakufa njaa."

"Nikifungua nitakauka. Nikikauka watasema nimehama mwenyewe."

Baadaye mkono wake wa kushoto ukaanza kukauka kutoka vidoleni. Ngozi iligeuka kijivu, ikachanika kwa urefu kama gome. Mhudumu wa zahanati aliugonga, ukalia kama ubao. Alieleza kwamba mwili umeuacha mkono ili moyo upate maji, jambo ambalo mitarakwa hufanya kwa matawi yake ukame ukizidi. Alimpa dawa ya minyoo. Sifa alilia njia nzima ya kurudi, na Eunike akamwambia asipoteze maji.

Habari zilipanda mlimani. Inosenti alishuka, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Tumesikia huhitaji maji tena. Tumefurahi sana. Basi ile habari ya bomba tuifunge."

"Umeuona mkono wake?" Sifa alidakia.

"Nimeuona. Pole sana, mama."

Eunike alisimama. "Mkono huu nimeutoa mimi, kwa ajili ya kubaki. Wewe sijakupa kitu. Maji nayataka. Ukiyarudisha utanikuta hapa, usipoyarudisha utanikuta hapa."

Inosenti alivaa kofia yake, akaaga vizuri, akapanda gari. Jioni ile bwawa la kuogelea la kambi lilijazwa kama kawaida.

Baadhi ya waliokuwa wamekwenda Endabash kuomba malisho walirudi. Walipanda kwa Eunike chini ya mtarakwa wakataka wafundishwe kufunga. Kabla ya kuanza, alimuuliza kila mmoja yuko tayari kupoteza kiungo gani. Mzee Kimaren alitaja mguu wake mbovu. Mwanamke mmoja alisema nywele, akaambiwa nywele hazihesabiwi. Bomba halijarudishwa mpaka leo.

Zamu ya Sifa ilipofika, alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, akaitazama, kisha akaketi pamoja na wenzake.