Isafishe Vizuri

Pantaleo alilitambua koti kwanza, mtu aliyelivaa baadaye.

"Koti hili ni langu," alisema, akacheka peke yake.

Picha ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, imelala juu ya meza yake kati ya mashine ya kuchapia na makaratasi ya wateja. Mwanamke aliyeileta alikuwa ameifunga kwa nailoni, na juu ya nailoni leso. Alikuwa amemwamkia shikamoo, akajitambulisha kuwa anaitwa Limi, mwalimu wa shule ya msingi huko Tinde. Akauliza kama huyu ndiye Pantaleo ambaye mhuri wake uko nyuma ya picha. Siku hizi watu huja kwenye studio yake ya mtaa wa Kambarage, mjini Shinyanga, kutafuta paspoti saizi na kupiga lamineti vyeti vyao, basi. Kuulizwa jina lake na mtu aliyeshika picha ya zamani kulimfurahisha mzee kuliko alivyotaka kuonyesha, akavuta kiti, akaanza kusimulia bila kuombwa.

Enzi hizo kila Jumamosi alidandia lori kwenda machimbo ya karibu na Masumbwe. Begani alining'iniza kamera ile ya kuchungulia kwa juu, na ndani ya sanduku alibeba lile koti moja. Jumapili wachimbaji walitoka maduarani, maana shimo la dhahabu kule huitwa duara, wakiwa weupe kwa vumbi la mawe. Walioga kwenye maji ya mwaloni, palepale walipokuwa wakichekechea mchanga wa dhahabu, kisha wakapanga foleni. Koti lilikuwa la saizi moja. Wafupi liliwafika magotini, wembamba lilibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo ili mbele lionekane limekaa. Ukiamini picha zake, utadhani machimbo yale yalichimbwa na makarani watupu. Kulikuwa na redio za betri zilizoitwa za mkulima, wali wa mama lishe, na vicheko vya watu ambao wiki nzima hawakuona jua vizuri. Zilikuwa siku njema, na anayesema hazikuwa njema basi hakuwepo.

"Na uso mlainifu namna hii," aliendelea, akigonga picha kwa ukucha, "Shinyanga nzima hukuupata kwa mtu mwingine."

Alikuwa akijisifia penseli yake. Aliichonga mpaka ncha ikawa kama sindano, akainamia filamu na kioo cha kukuzia, akagusa hapa na pale. Picha ikitoka, chunusi hakuna, makunyanzi hakuna. Wateja walimsifu sana, na yeye mwenyewe alijisifu zaidi.

Limi alimwacha amalize. Kisha akasema:

"Mama anasema huyu siye baba."

Akaeleza kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kuieleza habari hiyo mara nyingi moyoni. Baba yake aliitwa Mageni. Mwaka tisini na moja, mvua za masika, duara liliporomoka na watu wanne wakabaki chini, hawajatolewa hata leo. Limi alikuwa bado tumboni. Mchimbaji mwenzake alikuja Tinde na habari ya msiba na picha hii, kwa kuwa mwili haukuwapo wa kuletwa. Ndugu wakakusanyika. Wakaja na wembe wamnyoe mjane kama desturi ilivyo. Mama yake, Mbuke, akaitazama picha, akasema mmeniletea mume wa mtu mwingine, na wembe wenu rudini nao. Hakulia. Hakunyolewa. Miaka thelathini na minne amekaa akimngoja mumewe, na kila gari liliposimama barabarani alitoka nje kuangalia anayeshuka.

"Baba alikuwa na kovu," Limi alisema, akapitisha kidole kutoka kwenye nyusi ya kushoto hadi shavuni. "Pembe ya ng'ombe, akiwa kijana. Mama anasema lilikuwa bonde, ncha ya kidole inalala ndani."

Furaha ilimwisha mzee. Alimkumbuka. Kati ya mamia waliovaa lile koti alimkumbuka huyu, kwa sababu Jumapili iliyofuata alifika na picha mkononi akakuta duara limekuwa kifusi, naye akaikabidhi kwa yule mwenzake wa marehemu. Alikumbuka na maneno. Mageni alikuwa ameketi juu ya kreti, Kiswahili chake kikiwa kizito kwa Kisukuma, akasema: "Isafishe vizuri, fundi. Mke wangu anitambue."

Kusafisha picha, kila mtu alijua, ni kuitia kwenye dawa mpaka sura itokee. Mageni aliomba hilo tu. Lakini Pantaleo alikuwa kijana mwenye penseli iliyomuwasha mkononi, akasikia neno moja akaliruka la pili. Alikuwa amekesha akilijaza lile bonde mpaka likawa shavu, na akaona amemtendea mtu wema.

Angeweza kusema hakumbuki. Ni mzee, nani angemdai? Alitamani kusema hivyo, na aliona aibu kwa kutamani.

"Kovu nililifuta mimi," alisema.

Limi aliivuta picha karibu. Alikuwa akimtazama mtu wa kwenye picha, na Pantaleo aliona kwamba maisha yake yote huyu mwanamke hakujua amwangalie vipi.

"Filamu ninayo. Naweza kulirudisha," mzee akasema. "Lakini ukimpelekea picha yenye kovu, mwanangu, mama yako atafiwa siku hiyo."

"Miguu imemwisha, babu. Hawezi tena kutoka nje kuangalia magari. Ni yeye aliyenituma. Amesema, kamuulize huyo mpiga picha alimpiga nani."

Chumba cha giza, alimokuwa akisafishia picha, kilikuwa kimejaa magunia na feni mbovu. Walivitoa pamoja, saa nne asubuhi, mwalimu akiwa amekunja mikono ya gauni. Filamu zilikuwa ndani ya makopo ya maziwa, kila kopo na mwaka wake. Pantaleo alikiinamisha kipande cha Mageni kwenye mwanga wa dirisha la studio, na pale shavuni penseli ikameta. Kwenye filamu, nyeupe huwa nyeusi na nyeusi huwa nyeupe, hivyo kivuli cha kovu kilikuwa upenyo wa mwanga, naye alikuwa ameuziba mstari kwa mstari. Ilikuwa kazi nzuri mno. Alichovya pamba kwenye spiriti akaanza kuifuta, na moyo ulimuuma kwa mambo mawili kwa wakati mmoja.

Dawa ya unga ilikuwapo kwenye kopo ambalo halijafunguliwa. Karatasi zilibaki mbili tu, za tangu alipofunga chumba. Moja aliikata vipande vya kujaribia. Cha kwanza kikatoka kijivu kitupu, cha pili hivyo hivyo. Cha tatu kikaonyesha ukosi wa koti. Ya mwisho aliiweka nzima chini ya mashine ya kukuzia picha, akahesabu kwa sauti, akaitelezesha kwenye trei chini ya taa nyekundu.

Kwanza lilitokea koti. Kisha nywele, macho, kidevu. Kisha, kutoka kwenye nyusi ya kushoto, mstari mweusi ukateremka polepole hadi shavuni. Limi akashika ukingo wa meza.

"Shikamoo, baba," alisema kwa sauti ndogo, na mzee akajifanya anatafuta koleo.

Mchana walifika Tinde pamoja. Pantaleo alikuwa amekataa picha iende bila yeye. Mbuke alikuwa amekaa mkekani mlangoni, akibangua karanga, kilemba kimefungwa kichwani. Walisalimiana kwa Kisukuma, wakaulizana hali na mvua. Hakuna aliyeharakisha. Mwisho Limi akampa mama yake picha.

Mbuke aliisogeza kwenye mwanga. Alilifunika koti kwa kiganja, ukabaki uso peke yake. Akaweka ncha ya kidole kwenye kovu, ikalala.

"Ilikuwa wapi?" aliuliza.

"Kwangu," Pantaleo akajibu. "Nilikosa, Mama Limi. Aliniambia niisafishe, mimi nikamsafisha yeye."

Kuku walipita mlangoni. Barabarani gari lilisimama, mlango wake ukafunguliwa na kufungwa, na Mbuke hakuinua kichwa.

"Alisema nini kingine?"

"Alisema, mke wangu anitambue."

Mama aliinamia tena picha. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yatiririke.

"Nimemtambua," alisema.

Akaiegemeza picha kwenye ukuta, akapeleka mikono kichwani, akafungua kilemba. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

"Limi, lete wembe na maji."

Pantaleo alisimama aondoke, kwa kuwa hayo yalikuwa ya wenye msiba. Mbuke alimzuia kwa mkono.

"Wewe kaa. Shika beseni."

Akaketi. Lilikuwa beseni jeusi la plastiki, na akalishika kwa mikono miwili ili maji yasitikisike, kama alivyozoea kushika trei. Limi alianzia juu ya sikio la kushoto. Shungi la kwanza likaanguka, likaelea jeupe juu ya maji meusi, likaanza kufunguka taratibu, na mzee akainama kulitazama.