Manukato ya Wifi

...na hii nayo aseme inanukia nini, waridi, limau, au aseme tu "mm, tamu" kama alivyosema kwa ile losheni, maana wifi yake amemkodolea macho, kifuniko mkononi, mkoba wa bidhaa mpya umetapika chupa juu ya meza kati yao, na pua ya mwenye nyumba imekufa, imekufa tangu ile homa iliyomwangusha baada ya kumzika mumewe, na hajamwambia mtu, atamwambia nani, mshonaji hashoni kwa pua, lakini huyu dada wa marehemu na vipodozi vyake vya kuuza hachoki, wiki haipiti hajabisha hodi, mara sabuni ya maji, mara dawa ya kulainishia nguo, mara mshumaa wa kunukia, jaribu hiki wifi, paka, puliza, nusa, utadhani nyumba hii ni kidonda kinachosafishwa... "Wifi, si nakuuliza wewe? Inanukia nini?" Maua, akasema, maua ya... ya asubuhi, na wifi akaangua kicheko, "Maua wapi! Hiyo ni kahawa na maziwa!" naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa na ngozi, akanyoosha mkono upesi akachukua chupa nyingine, ile ndogo ya kando ambayo hakuonyeshwa, liwalo na liwe, akaipulizia pazia nyuma ya kochi, akanusa kwa kujifanya tu...

na akasikia. Si maua. Grisi, grisi na jasho la shingo, na karafuu, ile karafuu aliyokuwa akiitafuna marehemu, fundi wake wa mafriji, akitoka kazini ili mkewe asigundue sigara, kana kwamba mke hana pua, na enzi zile alikuwa nayo, alimjua angali kwenye ngazi... hapana, ni dawa tu, siku hizi viwandani wanatengeneza kila harufu, grisi itawashinda? lakini nani anunue jasho la fundi, na yale mashati aliyafua mwenyewe, akayaanika akilia, akayagawa yote, hakikubaki hata kifungo... "Hiyo siyo, wifi," sauti inatoka mbali, "hiyo siuzi, ni maji tu, nimesuuzia chupa." Maji. Maji hayana karafuu, na harufu imeshaondoka penye pazia, iko kwenye cherehani sasa, imesimama pale alipokuwa akisimama kumuuliza utamaliza saa ngapi, kisha inaizunguka meza, taratibu, mwendo wa mtu aliyechoka, vinyweleo vimemsimama, hathubutu kugeuka, labda ni wazimu, heri uwe wazimu, wazimu una dawa... lakini wifi ameacha kucheka. "Leo ndiyo umemsikia?" Nani, akauliza, macho kwenye chupa. "Nilidhani umemzoea. Au unajikaza. Mimi kila nikija yumo, mlangoni ndiye anayenipokea. Kwani unafikiri manukato yote haya nakuletea ya nini, wifi yangu, biashara? Nimepuliza, nimefukiza. Kaka haondoki." Haondoki... basi zile jioni alizokula akizungumza na ukuta, zile alizolala upande wake tu wa kitanda kwa mazoea, alikuwa na mtu, mtu amesimama mbele yake miezi yote akingoja kunuswa, naye anasifu limau, na hofu ipo, ndiyo, kama maji baridi mgongoni, ila chini ya hofu kuna aibu, aibu ya mwenyeji aliyemsahau mtu wake nje mvuani, na pole ngapi amezipokea, za majirani, za wateja, pole mama, umebaki peke yako, naye akaitikia, nimeshapoa, akaitikia na mume yupo, anasikiliza... "Nifungue dirisha?" wifi ananong'ona, kifuniko bado kiko mkononi, "sema, nifungue?" na karafuu iko karibu, iko begani, ina joto, naye akavuta pumzi mpaka ikagota, akajisogeza kidogo kwenye kochi, akaacha nafasi.