Mkanda wa Sajini

Nasike alikuwa mlinzi katika ghala la mahindi mjini Kitale, na mwenzake wa zamu alikuwa Sajini, mbwa mweusi aliyemlea mwenyewe tangu akiwa mdogo. Kazini Sajini alivaa mkanda wa ngozi wa kifuani, ule unaozunguka mabega na kupita chini ya kwapa. Ulipochakaa, Nasike alimpima kifua kwa uzi, akaenda Bungoma kwa Ubaid, fundi wa ngozi mwenye kibanda karibu na msikiti.

Ubaid alimtolea mikanda miwili. Mmoja ulikuwa mpana, laini, umeshonewa manyoya ya kondoo kwa ndani. Wa pili ulikuwa mwembamba, umepigwa njumu, vipande vidogo vya shaba vya mapambo.

"Huu mwembamba utamchuna, dada," Ubaid alisema. "Chukua mpana."

"Lakini huu ndio unang'aa, bana. Mbwa wangu lazima aonekane wa maana."

"Haya. Ukilowa uanike kivulini, halafu upake mafuta, hasa huku ndani kunakogusa mwili. Na usiupeleke karibu na moto."

Mvua za Kitale zilipoanza, mkanda ulilowa karibu kila siku. Nasike aliona kivuli kinamchelewesha, akawa anaukausha juu ya jiko la makaa. Mafuta aliupaka kwa nje tu, palipoonekana na watu. Ngozi ikawa ngumu kama gome la mti.

Sajini akaanza kurudi nyuma kila alipouona. Akawa anaketi langoni, hataki kuzunguka ghala. Siku moja Nasike alimchapa kwa kamba mbele ya madereva wa malori, na Sajini, ambaye hakuwahi kumngurumia, akamwonyesha meno.

Nasike alikwenda moja kwa moja kwa Nderitu, msimamizi wa ghala. "Huyu mbwa ameharibika. Ni mvivu, na sasa anataka kuniuma."

"Mbwa wa hivyo ni hatari," Nderitu akasema. "Nitaita daktari amdunge sindano ya mwisho."

Nasike alitaka kusema ngoja kwanza. Hakusema.

Asubuhi Rosaline, daktari wa mifugo, alifika na mkoba wake. Kabla ya kuufungua alimvua Sajini mkanda. Haukutoka vizuri, ulikuwa umeshikana na manyoya na usaha. Chini ya kwapa nyama ilikuwa wazi.

"Nani humvisha huyu?" Rosaline aliuliza.

Nderitu akamgeukia Kemboi, mlinzi wa mchana, kwa kuwa yeye ndiye aliyemshika mbwa wakati huo. Nasike aliona jinsi ingekuwa rahisi kunyamaza tena, na aibu ikampanda hadi masikioni.

"Ni mimi," alisema. "Mkanda niliuchagua mimi, na mimi ndiye nilikuwa naukausha kwa jiko. Hata siku moja sikuangalia chini yake."

"Na ulikuwa unaniacha nimuue?" Rosaline alimuuliza.

Alikuwa ameshaanza kuosha kidonda.

Jumamosi Nasike alirudi Bungoma kuchukua ule mkanda mpana. Alipomweleza kuhusu kidonda, Ubaid hakumsuta. Aliuliza tu, "Mbwa yuko hai?" Nasike akaitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka mbele ya wateja.

Kidonda kilipopona, Sajini alirudi kazini, lakini na Kemboi. Nasike ndiye anayeupangusa mkanda mpya kwa kitambaa chenye maji, anauanika kivulini, anaupaka mafuta nje na ndani. Kuuvisha hawezi. Akiushika tu na kusogea, Sajini anajificha nyuma ya miguu ya Kemboi.

Nasike akiwa mikono mitupu, Sajini humjia akitikisa mkia na kumlalia magotini kama zamani. Kemboi husema, "Si unaona amekusamehe?" Nasike humpapasa masikio, macho yake yakikwepa lile kovu lisiloota manyoya.