Ngoma Ilisubiri Nyuma ya Mabati

Chumba cha Nelima katika mtaa wa mabanda wa Raila kilitenganishwa na kanisa lao kwa ukuta mmoja tu wa mabati, na tangu amzike mumewe alikuwa akimshukuru Mungu kwa ukuta huo. Hata akilala na homa, ibada ilimfuata kitandani. Jumatano hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuuona mwembamba mno.

"Mathe, saa nane ananipigia kwa video," bintiye Audrey alisema, kompyuta mapajani. "Yule mama wa Ireland anayeuza baiskeli. Anatafuta mtu wa kumtengenezea tovuti. Akinikubali, hii ndiyo kazi yangu ya kwanza."

"Saa nane si ni maombi?"

"Ndiyo shida sasa. Lazarus na ile ngoma yake! Huyo mama atadhani niko disko."

"Basi nenda kwa Brandon, Kawangware." Brandon alikuwa mpwa wa Nelima, na ndiye aliyemfundisha Audrey kutafuta wateja mtandaoni.

"Kwa Brandon wanachomelea mageti hapo mlangoni. Afadhali ngoma."

Nelima aliitazama ile kompyuta. Kwa muda mrefu alikuwa amemwangalia msichana huyu akiandika mistari isiyosomeka, akituma maombi ya kazi ambayo hayajibiwi. Alimwombea, ila swali moja halikumwondoka: hiyo kazi yenyewe iko wapi? Seremala atakuonyesha kiti. Audrey ataonyesha nini?

Akajifunga leso, akazunguka hadi mlango wa kanisa. Akina mama kutoka mtaa jirani wa Kambi Muru walikuwa wameshaketi, naye Lazarus akikaza ngozi ya ngoma. Nelima akawaeleza.

"Ati tunyamazie kompyuta?" Lazarus akacheka. "Mama Audrey, wiki ijayo utatuambia tunyamazie blenda."

"Ni mtoto tunamnyamazia, si kompyuta. Ama Mungu wako husikia ngoma peke yake?"

"Lazarus, hapo umeshikwa!" akina mama wakaangua kicheko.

Wakakubaliana. Wangeomba kimoyomoyo, na mazungumzo yakiisha Nelima angegonga mabati mara mbili, ndipo ngoma ilie.

Saa nane ilipofika, Nelima alijibana pembeni mwa kitanda ili asionekane. Sura ya mama mwenye miwani ikajaa kwenye kioo. Kiingereza chake kilikimbia, Nelima akidaka neno hapa na pale: baiskeli, simu, bei. Upande wa pili wa mabati hata kikohozi hakikusikika.

Kisha likaja swali ambalo Nelima alilielewa lote. Yule mama alitaka kujua kama Audrey yuko ofisini, maana palikuwa pametulia mno.

Audrey akasita. Neno "ndiyo" lingemtosha, na lingesikika vizuri. Nelima akainamisha macho sakafuni, midomo ikicheza kwa sala.

"Hapana," Audrey akajibu. "Niko nyumbani. Jirani yetu ni kanisa. Wamenyamaza ili nikusikie."

"Kanisa zima?" Yule mama akasogea karibu na kioo kama anayetaka kuchungulia ndani. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akarudi kwa baiskeli zake. Mwishowe alisema atampa ukurasa mmoja autengeneze kwa malipo. Akiridhika nao, atampa tovuti yote.

"Mathe, nimepata!" Audrey aliruka mara mazungumzo yalipokatika.

"Asante Yesu!" Nelima akainuka kwenda kugonga. Lakini jicho lake likanaswa njiani: kwenye kompyuta palikuwa na picha ya baiskeli nyekundu, na kitufe chini yake.

"Hii ndiyo kazi yenyewe?"

"Hii ni sampuli niliyomwonyesha. Cheki." Audrey akabadilisha neno moja katika ile mistari, na kitufe kikageuka kijani.

"Ala! Rudia."

Kikawa zambarau.

"Na nikitaka kisogee huku?"

"Niambie tu wapi."

Nelima akaketi. "Na huko Ireland wataona hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Mtu akiwa amelala kwake?"

"Hata akiwa chooni, Mathe."

"Toka hapa! Hebu sasa hiyo baiskeli ifanye kubwa."

Baiskeli ilikuwa imejaa kioo chote mabati yalipogongwa mara mbili, polepole, kutoka upande wa kanisa.

"Mama Audrey," sauti ya Lazarus ikanong'ona kwenye tundu la msumari, "magoti yanatuuma huku. Mtoto amepata, ama bado?"

Nelima akashika mdomo. Kisha akayapiga mabati kwa viganja vyote viwili, akapiga tena na tena, mpaka ngoma ikamjibu.