Mfungo wa Kashata

Neno lenyewe Marhoon alilitoa kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, siku paka wao Kashata alipozaa watoto watano ndani ya kabati, juu ya kanzu zake zilizokwisha kupigwa pasi.

"Wallahi, akizaa tena anakwenda Ghala kwa Jaifar, akakamate panya wa gereji!"

Mkewe Mahbuba alisikia, binti yao Ruba alisikia, na Jaifar, mdogo wake Marhoon mwenye gereji huko mtaa wa Ghala, alisikia kwenye simu, na kesho yake akanunua kikapu.

Sasa mtu aliyestaafu wizarani baada ya miaka thelathini na mbili, tena aliyekwisha kula kiapo, ataanzaje kulirudisha neno lake kwa ajili ya paka? Kwa hiyo Ruba alipoleta habari ya kumpeleka Kashata zahanati ya wanyama ya Qurum akafungwe kizazi, Marhoon alisema, "Fanyeni mtakavyo," akaingia chooni, akafunga mlango, akacheka peke yake kwa furaha. Alikuwa akimpenda yule paka mapenzi ya kuaibisha.

Sharti lilikuwa moja tu. Kashata asile kitu tangu usiku, kwani mnyama akitapika wakati amelazwa kwa dawa ya usingizi, matapishi yanaweza kumziba pumzi.

Asubuhi ya siku yenyewe Marhoon alikuwa na sahani ya changu wa kukaanga na mkate wa ufuta. Kashata akaja, akakaa mbele ya miguu yake. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alimtazama tu, na Marhoon akalirudisha tonge sahanini. Akajiambia atampa kipande kidogo, kiasi cha ukucha. Kipande kikawa ubavu mzima wa samaki.

Daktari Lamya, mwanamke mcheshi aliyekulia Bujumbura, hata hajawahi kuuliza swali, Kashata akamtapikia changu mezani.

"Huyu nani kampa samaki?" Daktari akauliza.

Macho yote yakamwendea Mahbuba, maana ndiye aliyepika.

"Mie? Nletewe msahafu nshike!" Mahbuba akang'aka.

Ukutani palikuwa na picha ya meno ya mbwa yenye maelezo marefu. Marhoon akaisoma yote, mpaka jina la kiwanda kilichoichapa.

Wakarudishwa nyumbani, waje tena Jumanne nyingine. Wiki ya pili alijitahidi, Mungu anamjua. Hakugusa samaki wala mkate, alikunywa chai tu. Lakini chai ile ilikuwa ya maziwa, na Kashata yuko pale pale na macho yale yale. Marhoon akajitolea fatwa kwamba maziwa si chakula, ni kinywaji, akamwekea kidogo kwenye kisahani. Kidogo kikarudiwa mara tatu. Zahanati, Daktari Lamya akaziona ndevu za paka zimeganda maziwa, akavua glavu.

"Sasa mnisikilize," alisema. "Huyu ameanza kutaka dume. Akishika mimba kabla ya Jumanne ijayo, basi mimi simgusi mpaka azae."

Njiani kurudi Ruba alimlaumu mama yake waziwazi, na Mahbuba akanuna, uso ameupa dirisha. Marhoon aliona haya mpaka masikio yakamchoma, lakini haya hazikumfungua mdomo.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kichekesho. Juu ya ukuta alikaa dume la jirani yao Musallam, la manjano, lina kichwa kama nazi, likiimba tangu asubuhi. Madirisha yakafungwa, mataulo yakasokotwa chini ya milango, na Marhoon, mstaafu mzima, akazunguka uani na fagio mkononi. Jaifar akapiga simu kuuliza kama Kashata anakula wali. Marhoon akakata simu. Alikuwa anaogopa kweli.

Jumanne asubuhi Mahbuba aliweka mezani mkate wa kumimina. Marhoon akausukuma.

"Leo sili. Nimefunga."

"Jumanne hii? Umefunga nini?"

"Kadha."

"Kadha ya nini, Baba Ruba? Ramadhani umefunga yote, nlikuona kwa macho yangu." Mahbuba akamtazama mumewe, akamtazama Kashata aliyekaa miguuni pake, akaitazama sahani. "Khe! Kumbe ni wewe!"

"Ananiangalia, Mahbuba! Mie ntakula vipi, naye ananiangalia?"

Mahbuba alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, kanga yote imemshuka mabegani. Ruba akaja mbio akidhani mama yake ameanguka, naye aliposikia akacheka mpaka akapaliwa. Kisha Mahbuba akafuta machozi, akaufunika mkate, akasema basi na yeye hali, na Ruba hali, nyumba hii leo haili mtu.

"Amekula?" aliuliza Daktari Lamya.

"Hajala," alisema Marhoon. "Wala sisi hatujala."

Saa nzima alikaa kwenye kiti cha plastiki akivuta uradi. Mlango ulipofunguka, daktari akatoka anatabasamu, na Marhoon akalia mbele za watu, wala hakujali. Jaifar aliambiwa kikapu chake akitie vitunguu.

Kabla ya magharibi walikaa kwenye mkeka, tende na kahawa mbele yao. Kashata amevishwa kola kubwa ya plastiki asilambe mshono, analewalewa, sahani haifikii. Daktari alikuwa ameruhusu kuku kidogo wa kuchemsha jioni. Adhana ilipoanza, Marhoon aliinua mkono, lakini si kwenye tende. Alichambua kuku, akampenyezea Kashata ndani ya kola, mbele ya mkewe na bintiye.

"Paka kwanza?" aliuliza Mahbuba. "Futuru wewe, mfungaji!"

"Ngoja," alisema Marhoon. "Huyu kaanza kufunga kabla yangu."