Ishirini Yao, Ishirini Yetu

Mzee Bezuneh alisaga teff, nafaka ya mkate wa injera, kwenye kinu cha umeme miaka thelathini na miwili, na kinu nacho kikamsaga masikio. Alipostaafu, ukimwambia nyumba inaungua alikujibu, "Na wewe pia, mwanangu." Watu wa mtaa wake wa Shiro Meda walicheka, naye akacheka nao, maana alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye kilichochekesha.

Mkewe Askale alikuwa na saratani ya koo. Daktari alimvuta binti yao, Wubalem, pembeni na kumwambia bila kumung'unya maneno: sauti itatangulia kuondoka, mwenyewe atafuata. Mwezi mmoja, pengine na nusu.

Wubalem alikuwa mshona pindo za shuka nyeupe za wanawake. Aliuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo, akaagiza kutoka China vifaa vya kusikilizia, viwili, kila kimoja kama punje ya haragwe. Alitaka jambo moja tu: baba amsikie mama kabla sauti haijakwisha.

Kifurushi kilifika Addis haraka kuliko mtu anavyotoka sokoni Merkato siku ya Jumamosi. Halafu kikakaa forodhani.

"Ushuru unapigwa juu ya bei na nauli ya ndege," karani alimweleza, kijana wa miwani na shati lililopigwa pasi hadi likakoma. "Kisha kodi ya mauzo inapigwa juu ya bei, nauli na ule ushuru."

"Kwa hiyo nalipia kodi kodi?"

"Dada yangu, sikuitunga mimi. Ningeitunga mimi ningejisamehe kwanza." Akashusha sauti. "Lakini hiki ni kifaa cha mgonjwa. Lete barua ya hospitali yenye mhuri wa wizara, huenda ukasamehewa. Ila angalia muda wako kwenye simu."

Wubalem akaangalia. Kampuni ya vifurushi ilikuwa imeandika kwamba mzigo usiochukuliwa hadi tarehe 20 utarudishwa ulikotoka. Siku hiyo ilikuwa tarehe nne ya mwezi wa Sene. Siku kumi na sita! Mtu angeweza kwenda Gondar kwa miguu, akapumzika huko, akapata mchumba.

Hata hivyo alitaka kulipa tu yaishe. Zilikuwepo hereni za dhahabu za mama. Angeziuza jioni ileile.

"Thubutu!" Askale akasema, sauti ikikwaruza. "Hizo za harusi yako, kama atatokea kipofu wa kukuoa. Fuata barua. Serikali ikisema itakusamehe, isikilize, haisemi kila siku."

"Anasemaje?" Mzee Bezuneh akauliza.

"SERIKALI!" Wubalem akapiga kelele.

"Pilipili kali? Leteni, injera ninayo."

Askale akacheka mpaka akashika koo.

Basi Wubalem akaifuata barua. Daktari alikuwa semina. Aliporudi daktari, mwenye mhuri alikuwa msibani. Aliporudi mwenye mhuri, wino ulikuwa umekauka, na Wubalem akakimbia kuununua yeye mwenyewe. Tarehe kumi na saba barua ikakamilika, na huko nyumbani mama alikuwa ameanza kuomba maji kwa kugonga kikombe.

Tarehe kumi na nane, saa tatu asubuhi, Wubalem akasimama dirishani, siku mbili mkononi, barua ndani ya bahasha ya plastiki. Karani akabonyeza, akasoma, akavua miwani.

"Dada, mzigo umeondoka. Siku ya nne leo."

"Umeondokaje? Leo kumi na nane. Mmeandika ishirini."

"Ishirini ya wazungu," karani akasema polepole. "Kampuni ni ya nje, inahesabu kwa kalenda yao, si hii yetu ya Kihabeshi. Ishirini yao kwetu ilikuwa kumi na tatu."

Wubalem akatoa simu, akaisoma tarehe ile upya. Kila siku ya Mungu alikuwa akiwauliza wateja wake, hasa maharusi wanaokuja kutoka ughaibuni: kumi yetu au kumi yao? Hajawahi kukosea shuka ya mtu. Kwa hili hakuuliza.

"Nitalipa," akasema. "Sitaki msamaha. Ushuru, kodi ya mauzo, faini, yote. Hereni ninazo hapa mkobani."

"Hakuna cha kukutoza. Mzigo haupo."

Pengine dirisha lile halikuwahi kuona mtu akililia kodi na mtoza kodi akikataa. Kwenye foleni mwanamume mwenye viatu vya mtumba akaanza kucheka, akaona uso wa Wubalem, akanyamaza.

"Ukiagiza tena ni wiki sita," karani akasema. "Safari hii nitakusimamia mwenyewe."

Wiki sita hazikuwepo.

Juma lililofuata, alasiri, Askale alimwita mumewe kwa kidole. Mzee Bezuneh akainama, akaliweka sikio lake lisilo na kazi mdomoni mwa mkewe. Midomo ikatikisika muda mrefu.

"Anasemaje?"

Wubalem akainama zamu yake, akasikia. Halikuwa neno la mtoto kubeba. Lakini majirani walikuwa barazani wakikaanga kahawa, na baba hasikii ila kelele, basi akapaza sauti mtaa mzima usikie:

"ANASEMA WALE WAZEE ULIOWATUMA KUMPOSA! YEYE NDIYE ALIYEMTUMA MJOMBA WAKE AKUSHAWISHI UWATUME! ALIKUWA AMESHAKUPENDA!"

Barazani wakacheka kwa furaha. Mzee Bezuneh hakucheka. Alimtazama mkewe, miaka arobaini ya siri, kisha binti yake.

"Nimekusikia wewe," akasema. "Hiyo ni sauti yako. Ya kwake ikoje siku hizi?"

Wubalem akamtazama mama. Haukutoka hata mkwaruzo sasa, pumzi tu.

"NI ILEILE, BABA!" akapiga kelele. "NI ILEILE!"